Kitabu cha buluu cha Murphy: kinamfaa nani?

Nafundisha tuisheni ya jioni Tabata, na kitabu ninachokishika kuliko vyote ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy. Kilitoka mara ya kwanza 1985. Mimi natumia toleo la tano, la 2019, lenye sura 145. Kushoto maelezo, kulia mazoezi, majibu nyuma. Hakuna porojo.

Kwetu sisi, sura ya 13 na 14 tu zinarudisha hela yako. Wanafunzi wangu karibu wote huandika "I have seen him yesterday", maana kwa Kiswahili "nimemwona jana" haimkeri mtu. Murphy hazunguki: ukishataja jana, "have" inaondoka, unasema "I saw him". Kuhusu "a" na "the", ambazo lugha yetu haina kabisa, katenga sura nzima nzima, 72 hadi 78, na bado watu wanatoka jasho.

Usichokikuta humo ni lile kosa letu la "my sister, he is a nurse". "Yeye" wetu hana jike wala dume, na kitabu cha dunia nzima hakiwezi kuwaza kila lugha. Hilo nalitungia mazoezi mwenyewe ubaoni.

Kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu, kiwango cha kati. Kama ndiyo kwanza unaanza, chukua ndugu yake mwekundu, Essential Grammar in Use, usijitese. Na ukinunua kopi za mtaani, funua nyuma kwanza kabla hujatoa hela: zipo zinazoishia kwenye mazoezi, majibu hamna.