Unga wa sembe uliorutubishwa: tathmini ya miezi mitatu jikoni kwangu, Igoma

Tangu mvua za masika zianze nimekuwa nikinunua, katika duka moja la jumla hapa Igoma, mfuko wa kilo 5 wa unga wa sembe wenye nembo ya chakula kilichorutubishwa, na sababu iliyonifanya niuandikie tathmini haihusiani sana na ladha. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi, na aliposema kuwa anataka kubeba mimba nyingine, ndipo nilipoanza kusoma maandishi madogo ya mifuko ya unga.

Kuhusu ladha sina mengi. Unga ni mweupe, ugali wake unashikana vizuri, hauna ile harufu ya dawa ambayo majirani wanaihofia, na hapa nyumbani umeliwa na sato na dagaa bila mtu kuuliza umetoka wapi.

Thamani yake imo katika asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija wa neva wa mtoto aliye tumboni ufunge vizuri; usipofunga, ndipo huzaliwa mtoto mwenye mgongo wazi. Mrija wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama mwenyewe huenda bado anahesabu siku zilizompita. Kwa hiyo mwanamke anayeanza kliniki mwezi wa nne na kupewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki, atanufaika kwa upande wa damu, ila kwa mgongo wa mtoto vidonge hivyo vimekuta mlango umeshafungwa, au umeshabaki wazi. Unga humfikia kabla, bila kumuuliza kama amepanga kuzaa.

Kinacholiwa ni muhimu kama kinachorutubishwa. Marekani ililazimisha urutubishaji wa nafaka kwa foliki kuanzia 1998, lakini unga wa mahindi wa kutengenezea chapati za Kimexico haukuruhusiwa kuongezewa hadi 2016. Huko Brownsville, Texas, ambako chapati hizo huliwa sana, mwaka 1991 watoto watatu wasio na fuvu wala sehemu kubwa ya ubongo walizaliwa katika hospitali moja ndani ya saa 36, na uchunguzi wa miaka iliyofuata ulitaja upungufu wa foliki pamoja na fumonisini, sumukuvu ya mahindi inayozuia seli kuipokea foliki hiyo. Nilipoyasoma hayo nilianza kunusa kila mfuko kabla ya kuupika. Huu sijaukuta na harufu ya uvundo hata mara moja.

Kasoro yake kubwa ni lebo. Imeandikwa "vitamini na madini" basi, bila kutaja kiasi cha foliki, na wino wa tarehe ya mwisho hufutika kwa kidole chenye maji. Kasoro nyingine si ya kiwanda hiki: kanuni za Tanzania za 2011 za urutubishaji wa chakula ziliwalenga wenye viwanda, ilhali kaya nyingi za Mwanza hupeleka debe la mahindi kwenye mashine ya mtaani isiyo na kifaa cha kuchanganyia virutubishi, na ukivuka kwenda Ukerewe utakuta ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa, ambao nembo hiyo haiugusi kabisa.

Aidha, asije mtu akadhani unga huu unamtosha mwanamke aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku. Yeye huhitaji miligramu 4, yaani mara 10 yake, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, na utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa dozi hiyo hupunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Mtoto wa dada yangu anameza vidonge alivyoandikiwa na daktari, na ugali anakula pamoja nasi.

Nimeupa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia hadi watakapochapa kiasi cha foliki kwa wino usiofutika.