Afropop Worldwide: saa moja ya redio inayohitaji kalamu na daftari

Mpenzi wa dansi au taarab anayetaka kujua ndugu wa muziki huo wako wapi duniani hana mlango mzuri kuliko kipindi hiki cha kila wiki. Kilianza kurushwa Marekani mwaka 1988 kupitia vituo vya NPR, mtandao wa redio za umma wa huko, mwaka mmoja baada ya wenye kampuni ndogo za santuri kukutana London na kukubaliana kutumia jina la "muziki wa dunia", ili maduka yawe na rafu moja ya kuuweka. Mwanzilishi ni Sean Barlow. Mtangazaji ni Georges Collinet, Mkameruni ambaye kabla ya hapo alikuwa akitangaza kwa Kifaransa kwenye Sauti ya Amerika. Sauti yake nzito ya kucheka ndiyo chumvi ya kipindi. Kikapewa tuzo ya utangazaji ya Peabody ya mwaka 2014, na kilistahili.

Uhondo wenyewe uko kwenye mfululizo wao uitwao Hip Deep. Huko hawapigi nyimbo tu, bali huita wanahistoria na watafiti wa muziki, kila wimbo ukaelezwa umetoka wapi na kwa nini ukawa hivyo. Vipindi vya Angola, kwa mfano, vinaonyesha jinsi muziki wa vitongoji vya Luanda ulivyokwenda sambamba na harakati za kudai uhuru. Vipindi vya kawaida vya nyimbo mpya vinaburudisha, lakini mtu mwenye saa moja tu kwa wiki aitumie kwenye Hip Deep.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aanze na Kuba. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliuzwa sana Afrika, na rumba ya Kongo ikachipuka humo, kisha bendi zetu za dansi zikachota kwenye visima vyote viwili. Tega sikio kwenye klave, vile vijiti viwili vinavyogongwa mapigo matano: matatu, halafu mawili. Yagonge mezani mpaka mkono uzoee, kisha weka rumba ya zamani ya Kongo uyatafute. Mara nyingi vijiti vyenyewe havimo, ila magitaa yanapita juu ya mapigo yaleyale.

Kasoro kubwa ni muda. Kipindi hakizidi saa moja, na maelezo nayo yanataka nafasi yake. Nyimbo nyingi za Franco, mpiga gitaa wa Kongo, za miaka ya 1980 zinapita dakika 10, kwa hiyo nne tu zingemaliza sehemu kubwa ya saa. Ndiyo maana nyimbo hukatwa, na kwa muziki wa Kikongo hilo linaumiza, kwa sababu sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, huja baada ya beti. Wimbo ukizimwa dakika ya tatu, umesikia hodi bila kuingia ndani. Taarab nayo inapungukiwa kwa njia nyingine: kipindi ni cha Kiingereza, na fumbo likishafasiriwa kwa sentensi moja halibaki fumbo. Mjuzi wa Kiswahili asikilize maneno yenyewe, maelezo ayachukue kama nyongeza.

Kwa hiyo andika. Kila wimbo uliokugusa, nakili jina la msanii, bendi na dakika uliposikika, halafu tafuta toleo zima. Usipolipata, badilisha jina: bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam hupatikana pia kama DDC Mlimani au Sikinde, na Franco kama Luambo Makiadi. Jaribu "Orchestra" na "Orchestre". Wengi hukata tamaa kwa sababu ya herufi moja tu.

Kukifuata moja kwa moja kwenye kituo cha Marekani kuna mtego wa saa. Kituo cha New York kikikiweka saa tisa alasiri, huku ni saa nne usiku kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, na saa tano usiku miezi iliyobaki, maana wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Podikasti inaondoa usumbufu huo. Faili la dakika 59 la kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) lina takriban MB 57, na la kbps 64 ni nusu yake. Pakua mara moja penye Wi-Fi, kwani kurudiarudia mtandaoni kunakula bando kila unaporudia.

Usihukumu muziki huu kwa spika ya simu. Ni ndogo mno kutoa sauti za chini, na gitaa la besi ndilo linalobeba rumba. Unganisha simu na redio kwa waya, au vaa spika za masikioni.

Ukitaka kumshirikisha mwenzako kwenye WhatsApp, mtumie kiungo na maneno mawili: "Dakika ya 23, sikiliza gitaa la pili." Kiungo kitupu cha saa nzima hakuna atakayekifungua. Wala usirekodi spika kwa ujumbe wa sauti, kwani ule umetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: unabana sauti sana, besi inapotea na matoazi yanakwaruza. Kundi la watu watano au sita, kila wiki mmoja akichagua kipindi na wengine wakileta nyimbo nzima zilizokatwa humo, litapata maktaba ambayo kipindi chenyewe hakina nafasi ya kuipiga.