Bar-Kays, "Soul Finger": albamu ya moto, duka la hovyo

Nianze na duka, maana hasira bado ninayo. Santuri ya Soul Finger ya Bar-Kays, bendi ya soul ya Marekani, nimeisaka muda mrefu, na majuzi nikasikia kuna duka hapa mjini wanayo, toleo lililochapwa upya. Nailoni walishaichana, wakaniambia ni kwa sababu wameikagua. Bei inauma, nikalipa bila kubishana.

Nikafika nyumbani nikaiweka. Wimbo wa kwanza kabisa, ule uliobeba jina la albamu, unaruka. Unaanza na ule utani wa wimbo wa watoto, "Mary Had a Little Lamb", tarumbeta na saksafoni zinalipuka, besi inajaa chumba, watoto wanapiga kelele "Soul Fi–" tak! Inarudi. "Soul Fi–" tak! Nikaitoa nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Mkwaruzo mwembamba kama unywele umetoka ukingoni ukakata kuelekea ndani. Hiyo ndiyo santuri iliyokaguliwa.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. "Kaka, hii si haina mtu anayeimba? Umejuaje inaruka? Si mdundo tu unajirudia?" Nikamwambia, ndugu yangu, mashine hiyo hapo, iweke usikie mwenyewe. Hakuiweka. Akanisukumia jalada langu, akamgeukia mteja mwingine.

Kukataa kunirudishia hela ningekumeza. Lakini "mdundo tu unajirudia"? Kwanza si kweli kwamba hakuna sauti za watu humo. Hao wanaopiga kelele ni watoto wa mtaani, jirani na studio ya kurekodi ya Stax kule Memphis, Marekani, waliitwa ndani wakalipwa soda za Coca-Cola. Na wenye bendi nao walikuwa vijana wadogo, 1967 hiyo shule wameiacha juzi tu: Jimmie King kwenye gitaa, Ronnie Caldwell kinanda, Phalon Jones saksafoni, Ben Cauley tarumbeta, James Alexander besi, Carl Cunningham dramu. Wimbo wao ukapanda hadi namba 3 kwenye chati ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi) ya Marekani, hakuna aliyeimba ubeti hata mmoja. Mwimbaji nyota wa soul, Otis Redding, akawachukua wampigie kwenye ziara zake.

Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ndege ya Redding ikaanguka Ziwa Monona, Wisconsin. King, Caldwell, Jones na Cunningham walikufa pamoja naye, wote hawajafika miaka 20. Cauley peke yake ndiye aliyetoka hai majini. Alexander hakuwa ndani ya ndege ile. Kwa hiyo albamu ya studio ya vijana wote sita ni hii moja, hakuna nyingine. Halafu mtu anayeuza muziki anaiita mdundo unaojirudia!

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja, iwaume. Ila upande wa pili hauna mkwaruzo, nikausikiliza, na nyota moja ingekuwa dhuluma kwa wasiohusika. Msikilize Cunningham tu. Anapiga kama mtu anayekimbilia basi, na hata mara moja hawaachi wenzake nyuma. Na "With a Child's Heart", wimbo ambao Stevie Wonder aliuimba kwa maneno, kwenye albamu hii umeachiwa ala peke yake na bado unakugusa palepale.

Sisemi kila kitu ni dhahabu. Kuna nyimbo za kuchezesha watu zinazofanana mno, na mbili tatu zinaisha kabla hazijasema lolote. Nyota nne, basi. Hapana, nafuta. Nimeupiga tena huku naandika na siwezi kuwakata nyota vijana waliopata nafasi moja tu. Tano.

Duka sifuri. Kama ni lazima ununue pale, usitoe hela mpaka aipige santuri mbele yako, pande zote mbili, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akisema hana muda, ondoka.