TAHADHARI MWANZA: Huyu muuza Prado ya dizeli ya viti 7, msimpe hela

Ndugu zangu wa Mwanza, Sengerema, Magu na Geita, kama kuna mtu unaongea naye sasa hivi kuhusu Prado ya dizeli ya viti 7, au gari yoyote "ya familia", mwanaume wa makamo, mpole, sauti ya chini, anayependa kukutana na wateja Pasiansi mida ya saa tisa alasiri, simama kwanza. Usimtumie hata elfu kumi ya advansi. Mimi nimempa milioni 21 na laki 5, na gari iko juu ya mawe kwa fundi Igoma, hii ni wiki ya tano.

Nimekaa kimya muda wote huo kwa aibu. Kazini nimesema gari iko sevisi. Leo nimechoka kudanganya, na hasira imezidi aibu.

Mnaonifahamu mnajua kwa nini nilitafuta gari kubwa. Baada ya msiba wa Machi IST haikututosha tena, watoto wawili wamekuwa wanne kwa wale tuliowachukua, na mama mkwe siwezi kumpandisha basi na miguu ile. Kila mwisho wa mwezi lazima twende kule Sengerema, na ile njia ya kuingia ndani mnaijua ikinyesha. Noah tuliziangalia tatu. Ukiweka watu saba na gunia la mchele gari inakaa chini, tumbo linasugua. Ndipo baba watoto akasema tutafute Prado ya zamani yenye 1KZ, ile injini ya dizeli ya lita 3 yenye tabo, maana ikibeba mzigo haichoki na spea zake hapa mjini hazisumbui. Hata leo nasema wazo lilikuwa sahihi. Kosa halikuwa kwenye wazo.

Tangazo lilikuwa na picha kumi na mbili, safi kabisa. "Prado 1KZ, dizeli, viti 7, gari ya familia, injini kavu, haina kipengele, njoo na fundi wako." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonimaliza. Nilijiambia mwizi hawezi kukuita uje na fundi.

Fundi wetu siku hiyo alikuwa Shinyanga, msibani. Nikampigia muuzaji tuahirishe hadi Jumatatu. Akasema, "Hakuna neno dada yangu, gari haikimbii." Akakata simu kwa upole. Saa moja baadaye akapiga tena: kuna mteja wa Geita ameshatoka nyumbani na hela taslimu, yeye hampendi, anataka gari iende kwa familia, basi nije tu niione. Nikaenda na mama mkwe na binti yangu mdogo.

Tulivyofika akashuka, akainama kwa mama mkwe mikono miwili, akamsalimia Kisukuma, "Mwadila mayu." Mama uso ukafunguka. Kwa miezi hii yote sikuwa nimemwona akicheka vile. Wakaulizana ukoo, wakaulizana Magu upande gani, mara akasema bibi yake mzaa mama ni wa huko huko. Akamshika mkono akampandisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Binti akapewa biskuti. Sasa niambieni, mtu anayemfunga mkanda mama yako unamshukuje?

Nikagusa boneti, ya moto. Nikamuuliza. Akajibu bila kubabaika, "Nimetoka kuiosha, nilitaka uikute safi." Na kweli matairi yalikuwa mabichi, maji yanadondoka kwenye madiflapu, tone moja moja, nikiyatazama. Nikaridhika. Nikaendesha mwenyewe. Mshale wa joto niliutazama kuliko nilivyotazama barabara, ulikaa chini kidogo ya nusu, haukutikisika kabisa. Nikasema nataka niipandishe mlima wa Bugando nione inavyovuta. "Dada, Jumamosi hii mjini kuna foleni, na yule mtu yuko njiani." Tukaenda tambarare kuelekea uwanja wa ndege, tukageuza, tukarudi. Dakika kumi na tano hazikufika.

Hapo simu yake ikaita. Akaipokea kwa sauti kubwa, kila mtu ndani ya gari tunasikia: "Bosi nimeshavuka daraja, niko Usagara, hela ninayo mkononi, usimpe mtu." Akashusha pumzi, akanigeukia. "Unaona? Lakini mimi neno langu ni kwako, kwa sababu ya hawa watoto." Watoto! Wale wawili nilikuwa nimemsimulia mwenyewe kwenye simu siku mbili kabla, kwa nini nahitaji viti 7. Alichukua msiba wangu akaufanya ndoano.

Akasema kama nina wasiwasi kuna fundi hapo jirani, hata yeye hamjui vizuri. Kijana akaja na ovaroli yenye oili, akachomoa ile stiki ya kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa, akasikiliza injini ikiunguruma, akasema, "Mama, hii haijawahi kufunguliwa." Nikamlipa elfu thelathini. Mkataba alikuja nao umeshachapwa. Kadi ina jina la mtu mwingine, "shemeji yangu, yuko Dar, atasaini." Ndani ya mkataba kuna mstari unaosema gari imeuzwa kama ilivyo. Niliusoma, nikasaini. Pesa za SACCOS pamoja na za IST niliyouza nikazihamisha kutoka benki kwa simu, nimekaa kwenye kiti cha gari hiyo hiyo.

Jumapili ya pili tukaenda Sengerema, wote saba. Tumevuka daraja, tumeanza kupanda baada ya Busisi, nikasikia harufu tamu kama sukari inayoungua. Nikatazama mshale: chini kidogo ya nusu. Nikaendelea. Mungu anisamehe, niliendelea kwa sababu ya mshale. Moshi mweupe ukajaa nyuma, mvuke ukatoka mbele, injini ikazima yenyewe. Mama mkwe akakaa kwenye kanga pembeni ya lami, na yule mdogo wa kiume akanishika sketi, "Mama mdogo, gari inaungua?" Huyu mtoto ameshaona ya kutosha mwaka huu.

Fundi wetu alipofungua alinyamaza muda mrefu. Kwenye mfuniko wa rejeta kulikuwa na chenga za rangi ya fedha zimegandana kama uji, dawa ya kuziba. Thamostati, ile valvu inayodhibiti joto la injini, imetolewa. Waya wa sensa ya joto umekatwa na kuunganishwa kienyeji, mshale usipande hata injini ichemke namna gani. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ina nyufa mbili. Akanieleza 1KZ ni injini nzuri sana ila adui yake ni joto, hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, ikichemshwa mara moja vibaya inapasuka, na huyu mtu alijua imepasuka kabla hajapiga zile picha. Kuitengeneza ameniandikia milioni 4 na laki 3. Bado hilo si ndilo linaloniuma zaidi. Viti vya nyuma kabisa si vya gari hiyo. Viliungwa kwa bolti mbili kwenye bati, mkanda hakuna. Wawili wadogo ndio waliokuwa wanakaa pale.

Kwa hiyo anayesema "biashara ina hasara zake" asiniambie mimi. Huyu hakuuza gari mbovu kwa bahati mbaya. Alikaa chini akakata waya. Angekuwa ametiwa pingu saa hii, na yule kijana wa ovaroli, na aliyesema yuko Usagara, watatu wote selo moja. Nilienda kituoni nikaambiwa hiyo ni kesi ya madai, nina mkataba, nimesaini, niende mahakamani. Yule shemeji wa Dar nilimpata kwa kuulizia: gari aliiuza zamani kwa mtu mwingine kabisa, wala hana dada aliyeolewa Mwanza. Hiyo si madai, huo ni utapeli, na sitaacha. Arudishe hela, afungwe, atangazwe, kila dalali mwaminifu wa mji huu amkatae, maana anawachafua na wao.

Mtaniuliza mngemjuaje. Asubuhi haji, hataki uikute injini ya baridi. Ukifika gari iko moto, ondoka. Maji ya rejeta yafunguliwe ikiwa baridi, uyaone kwa macho. Mlimani hataki kwenda. Injini ikiwa baridi, ukiwasha swichi bila kuwasha injini, mshale unaruka moja kwa moja mahali pake, hilo fundi kanionyesha baadaye. Na jina la kadi. Basi, hayo ndiyo ninayokumbuka, kichwa hakijatulia.

Jana jioni dada mmoja wa kazini kanionyesha tangazo jipya. Noah ya dizeli, viti 7, gari ya familia, haina kipengele, njoo na fundi wako. Namba ya simu ni nyingine, lakini picha zimepigwa pale pale Pasiansi, na kwenye ya tatu matairi ni mabichi. Nimemwandikia nikijifanya mteja, nimemwomba tuonane saa moja asubuhi. Amejibu saa tisa alasiri ndiyo nzuri kwake. Mwenye ndugu polisi aniandikie inboksi leo, kabla ya Jumamosi.