Letasi ipi ununue? Nimezipanga kuanzia yenye faida zaidi mwilini

Watu wengi wakiingia supamaketi wanabeba ile letasi ya duara iliyojifunga kama kabichi, aisbegi, sababu iko safi kwenye nailoni na inatafunika vizuri, wanalipa hela ndefu wakiamini wamenunua afya, kumbe kwa lishe hiyo ndo inashika mkia kati ya letasi zote. Jamani angalieni rangi ya jani! Jani likikolea kijani au wekundu ndo vitamini zipo, likipauka hadi kuwa jeupe hapo unakula maji. Jani lililoachia linapigwa na jua na linatengeneza karotini nyingi, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, sasa yale ya ndani ya aisbegi yamefunikwa, jua hayalioni.

Namba ntakazotaja zote ni za gramu 100 za majani mabichi, yaani bakuli la kawaida la saladi hivi.

1. Romeini

Ni ile ndefu yenye majani yaliyosimama na uti mnene katikati. Vitamini A inafika mikrogramu 436 hivi, na mwanamke mtu mzima anahitaji kama 700 kwa siku, kwahiyo bakuli moja limekuvusha nusu. Ila kilichonifanya niiweke juu ni foleti, moja ya vitamini B, ina mikrogramu 136 wakati aisbegi ina 29 tu. Foleti ndo inasaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vitengenezeke vizuri tumboni, na kazi hiyo inafanyika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi mama hajajua hata kama ana mimba, kwahiyo dada unayepanga kupata mtoto anza mapema. Mjamzito anahitaji 600 kwa siku, letasi peke yake haitoshi, vidonge vya kliniki endelea navyo.

Ukiishika geuza uangalie kitako pale ilipokatwa. Ikiwa mbichi utaona peupe na utomvu wa maziwa maziwa, pakishakuwa pekundu au kahawia imekaa siku nyingi hata kama majani yamerashiwa maji yanang'aa. Na kitu kingine, muuzaji akitaka kukubandulia majani ya nje ili ipendeze mwambie aache, kama hayajaoza hayo ndo yenye kijani kilichokolea na ndo uliyoyafuata!

Haipo kila genge. Dar jaribu soko la Kisutu au supamaketi.

2. Letasi ya majani yaliyoachia, ya kijani au nyekundu

Hii ndo ya gengeni, majani yamejikunjakunja pembeni, na kwa familia yenye bajeti ya kawaida ningesema nunua hii bila kuwaza mara mbili. Vitamini A mikrogramu 370, karibu sawa na romeini, vitamini C inaipita kidogo, na vitamini K ni mikrogramu 126, inatosheleza mtu mzima siku nzima. Vitamini K inasaidia damu kuganda ukiumia na inasaidia mifupa. Ila kama mzee nyumbani anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, asianze ghafla kula mabakuli ya letasi wala asiache ghafla, kiwango kisipandepande na kushuka, na amwambie daktari wake.

Nyekundu, kama Lollo Rosso, ina kitu cha ziada, ule wekundu ni anthosayanini, iko pia kwenye rozela na zambarau, inasaidia kulinda seli. Ukizikuta zote mbili kwa bei moja chukua nyekundu.

Ubaya wake inanyauka haraka mno, nenda asubuhi. Halafu letasi inapenda baridi, ndo maana ya Lushoto, Mgeta au Arusha inakuwa tamu, na kwa majirani zetu Kenya ni Limuru na Kinangop, lakini ikipigwa na joto inarefusha shina inataka kutoa maua na inakuwa chungu. Ukiona shina limechomoza juu katikati, omba ukate kipande cha jani uonje kabla hujalipa.

3. Letasi ya bata (butterhead)

Majani laini, kichwa kidogo kilicholegea, wazee na watoto wanaitafuna bila shida. Foleti 73, vitamini A 166, iko katikati. Inachubuka ukiigusa tu na bei yake mimi naona haiendani na unachopata.

4. Aisbegi

Maji karibu asilimia 96, vitamini A 25 tu, vitamini K 24. Haina madhara, na kwenye friji inadumu kuliko zote, kwahiyo kama unauza baga au unataka kitu cha kutafunika chukua. Ukiwa nayo hiyo tu nyumbani, kwangulia karoti na uweke parachichi. Hilo parachichi weka hata kwenye romeini, karotini inahitaji mafuta ili mwili uinyonye, letasi kavu na limao pekee unapoteza nyingi.

Ila nisiwadanganye, kwa madini ya chuma na kalsiamu hakuna letasi inayougusa mchicha. Mchicha una kalsiamu miligramu 215, romeini 33! Letasi isije ikafukuza mchicha na matembele mezani.

Na kuliko aina ya jani, mimi nauliza kwanza imemwagiliwa maji gani. Mchicha unapikwa, letasi inaliwa mbichi, uchafu wa mtoni unaingia nao moja kwa moja mdomoni, taifodi na minyoo ndo njia yake hiyo. Muuzaji asiyejua mzigo umetoka wapi, au bustani iko pembeni ya mto unaopokea maji taka kama Msimbazi, achana nayo hata akikupa kwa bei ya kutupa. Nyumbani tenganisha jani moja moja, osha kwa maji safi yanayotiririka, sugua na vidole pale chini kwenye mikunjo ndo udongo unajificha, sabuni usiweke. Siki inasaidia lakini haimalizi kila kijidudu, kwahiyo kipindi cha kipindupindu mboga mbichi acha kabisa, pika.

Ikishaoshwa ikaushe vizuri, ifunge kwenye kitambaa kikavu au tishu uweke kwenye kontena ndani ya friji, na usiichanganye na ndizi mbivu, maembe au matufaa, matunda hayo yanatoa gesi inayoipa letasi madoa ya kahawia upesi sana.