Vitufe vya mwangaza vilivyogoma kwenye Linux: uzoefu wangu

Kompyuta mpakato yangu ni ya mtumba, na nilipoiweka Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, karibu kila kitu kilikubali chenyewe: Wi-Fi, sauti, kamera. Vilivyogoma ni vitufe maalumu vya juu, hasa cha kupandisha mwangaza na cha kuzima maiki. Ukiwa unafanya kazi usiku umeme umekatika, kitufe cha mwangaza si pambo.

Nilichokipenda tangu mwanzo ni kwamba kerneli, yaani kiini cha Linux, haifichi kitu. Niliandika "sudo dmesg -w" kwenye terminali, nikabonyeza kitufe, na papo hapo atkbd, draiva ya kibodi, ikatoa ujumbe: kitufe hakijulikani, msimbo wake 0xee. Mstari uliofuata ukanipa hadi amri ya kukitambulisha, "setkeycodes e06e" ikifuatiwa na namba ya kitufe. Mifumo mingine niliyotumia haijawahi kuniambia ukweli waziwazi hivyo.

Setkeycodes lakini ni ya muda, ukizima mashine imesahau. Ya kudumu ni hwdb, hifadhidata ya vifaa ambayo mfumo huisoma. Nikaunda faili /etc/udev/hwdb.d/90-vitufe.hwdb yenye mistari miwili tu:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_ee=brightnessup

Nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari wa pili ni lazima iwepo. Kisha "sudo systemd-hwdb update", halafu "sudo udevadm trigger", ili mfumo uisome faili hiyo.

Mwangaza ukapanda. Ukaendelea kupanda hadi mwisho, hata nilipokwisha kutoa kidole! Hapo evtest, programu inayoonyesha kila kinachotumwa na kibodi, ndiyo iliyonifumbua macho: ilionyesha 1, yaani kitufe kimebonyezwa, kisha 2, 2, 2 mfululizo, yaani bado kimeshikiliwa, na ile 0 ya kuachiliwa haikuja kabisa. Mashine yenyewe ndiyo isiyotuma taarifa ya kuachilia. Dawa ni alama moja ya mshangao: "=!brightnessup". Draiva inakiachilia kitufe yenyewe, na tangu hapo mwangaza unapanda hatua kwa hatua.

Kitufe cha maiki kina kisa chake. Jina lake halisi ni micmute, namba 248. X11, mfumo unaobeba madirisha ya skrini, huongeza 8 juu ya namba ya kerneli na haipokei zaidi ya 255, kwa hiyo evtest inakiona vizuri huku Xfce, eneo-kazi ninalotumia, haisikii lolote. Kiandike f20 badala yake, kitafanya kazi.

Kama evtest inaonyesha brightnessup na skrini haibadiliki, iache kibodi, haina kosa. Tatizo liko kwenye taa ya skrini, na hapo mimi ningeanza na "acpi_backlight=native" kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux.

Ninacholalamikia ni maelezo. Mengi ya haya yameandikwa kwa Kiingereza ndani ya faili la mfumo lenyewe, 60-keyboard.hwdb, na kwenye mipangilio ya kawaida ya kibodi sikuona pa kubonyeza ili kufanya kazi hii. Mtu asiyezoea terminali ataishia kununua kibodi ya nje bure, na hilo linaniuma, kwa sababu kitufe chake ni kizima.

Kwangu draiva hii inapata nyota nne kati ya tano. Ukifanikiwa, upelekee mradi wa systemd, wenye faili hilo, mstari wako pamoja na jina la modeli, ili atakayenunua mashine kama yako avikute vitufe vinafanya kazi.