Matone ya prednisoloni asetati kwa macho ya mbwa na paka: yanafaa, lakini jicho lipimwe kwanza

Jicho la mbwa likiwa jekundu hapa Nairobi, wengi hukimbilia agroveti kununua tyubu ya antibiotiki. Ikiwa ugonjwa uko kwenye uvea, tyubu hiyo hupoteza siku ambazo jicho halina. Matone ya prednisoloni asetati ya asilimia 1, yale yale ya binadamu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa cheti cha daktari, ndiyo tunayoyaweka mbele kwa uvimbe wa sehemu ya mbele ya uvea.

Uvea ni tabaka lenye mishipa mingi ya damu: airisi yenye rangi, mwili wa siliari unaotengeneza maji ya jicho, na koroidi inayolisha retina kule nyuma. Ikivimba, mishipa huvuja protini na chembe za damu ndani ya maji hayo. Mnyama hufinya jicho, machozi hutiririka, mboni hubana. Zima taa, kisha mulika kwa mwale mwembamba kutoka ubavuni. Katika jicho lenye afya, nafasi kati ya konea (kioo cha mbele cha jicho) na airisi ni nyeusi tu. Katika jicho lililovimba, mwale wenyewe unaonekana ukipita, kama taa za gari kwenye ukungu wa Limuru.

Kwenye lebo, neno la kutafuta ni asetati. Umbo hilo la prednisoloni hupenya konea vizuri kuliko umbo la fosfeti, na haidrokotisoni, steroidi nyingine, haifiki ndani kiasi cha kusaidia. Dawa hii si myeyuko. Chembe zake hutuama chini ya chupa, kwa hiyo itikise vizuri kila mara. Usipotikisa, siku za kwanza unatia maji karibu matupu na za mwisho unatia dawa nzito. Tone moja linatosha, la pili humwagika shavuni. Chupa ya mililita 5 hutoa takriban matone 100, yaani siku 25 kwa jicho moja mara nne kwa siku. Uvimbe ukiwa mkali, daktari huanza kwa kila saa mbili hadi nne. Kama kuna dawa nyingine ya jicho, subiri dakika tano, na dawa ya mafuta ije mwisho.

Kosa baya kuliko yote ni kuitia kwenye jicho lenye kidonda cha konea. Prednisoloni ni steroidi, na steroidi huzuia kidonda kupona, na konea inaweza kutoboka. Ndiyo maana rangi ya fluoresini hutangulia: penye kidonda pataonekana kijani. Daktari apime na shinikizo la ndani ya jicho pia. La kawaida ni takriban 10 hadi 25 mmHg. Uvea ikivimba, shinikizo hushuka, na likiwa juu fikiria glakoma, ugonjwa wa shinikizo kubwa la jicho. Paka mwenye historia ya hepesi ya macho anaweza kuamshiwa virusi, na mbwa mwenye kisukari anaweza kupandishiwa sukari, maana sehemu ya dawa huingia mwilini.

Mara nyingi huandikiwa pamoja na atropini ya asilimia 1, inayopanua mboni, kupunguza maumivu na kuzuia airisi isigande kwenye lenzi. Isitiwe shinikizo likiwa juu. Kwa paka chagua ya mafuta. Ya matone hushuka kooni, na kwa uchungu wake paka hutoka povu mdomoni.

Upungufu wa matone haya ni kwamba hayafiki koroidi; huko dawa hupitia mdomoni. Wala hayatibu chanzo. Kwa mbwa wa hapa, dai kipimo cha damu cha erlikia (Ehrlichia), bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia. Tiba yake ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28. Mtoto wa jicho aliyekomaa naye huvujisha protini za lenzi na kuwasha uvea. Kwa paka, ulizia virusi vya lukemia na vya upungufu wa kinga, kimelea cha toksoplasma, na FIP, ugonjwa wa paka unaoletwa na virusi vya korona.

Usiache ghafla wekundu ukiisha, kwa kuwa uvimbe hurudi na makovu hubaki. Shuka kutoka mara nne hadi tatu, mbili, moja, kwa wiki kadhaa, daktari akitazama. Wiki nne baada ya kufunguliwa, chupa itupwe hata kama imebaki nusu, na isipelekwe kwa mbwa wa jirani ambaye jicho lake halijapimwa.